Baruti Niliyoichagua Mwenyewe

Sipendi kufundishwa. Wateja wangu wa mtaa wa Mapendo, hapa Goma, wanalijua hilo, mke wangu analijua zaidi, na mjomba wangu, kaka yake mama, alilijua kabla yao wote maana ndiye aliyenilea mama alipofariki. Mtu akianza kuniambia "weye, fanya hivi," masikio yangu yanajifunga yenyewe, hata kama anasema kweli. Nimekuwa mshonaji kwa miaka mingi na nimeharibu vitambaa vingi kwa tabia hiyo. Kitambaa kikiharibika unanunua kingine, yamekwisha. Ninayotaka kuandika hapa siyo ya kitambaa.

Mjomba alikuwa akilima maharagwe kwenye kilima juu ya mji wa Kiwanja, upande ambao si wa hifadhi ya wanyama. Kila msimu, maharagwe yakianza kutoa majani laini, mbawala walishuka kutoka vichakani alfajiri, wakala mistari mizima kana kwamba wamepandiwa wao. Alijaribu kuwafukuza kwa mikebe, kwa mbwa, kwa sanamu aliyoivalisha suti yangu ya zamani ya harusi. Hakuna. Mwishowe alikwenda kwa shefu, mkuu wa eneo, akaenda kwa watu wa mazingira, akazunguka miezi, akarudi na karatasi yenye mihuri inayomruhusu kuwa na gobori, ile bunduki ya kushindilia kwa mdomoni, na kuwinda kwenye shamba lake.

Ujana wake aliwinda na gobori la baba yake hadi mtutu ukaliwa na kutu. Sasa alitaka lake. Lakini katika ukoo wa mama yangu, mtu hajinunulii bunduki ya kuwindia. Ananunuliwa na mtoto wa dada yake, ili nyama ikipatikana iwe na wenyewe wawili na asiwepo wa kumnyima mwenzake. Na si bunduki peke yake. Chakula chake chote, baruti, risasi, fataki, matambara, mafuta, lazima kitoke kwenye mkono huohuo wa mpwa, na mpwa ndiye anayeishindilia mara ya kwanza. Mjomba anapiga. Hiyo inaitwa kuifungua mdomo. Na tangu baruti inapoingia mtutuni hadi mlio usikike, hakuna anayesema neno. Hata kukohoa unakohoa ndani ya mkono. Wakubwa wanasema bunduki inayosemeshwa kabla haijasema yenyewe imechafuka, haitaua hata panya.

Mjomba alinipigia simu nikiwa atelie, pale ninaposhonea, mashini zikiwa zinalia.

"Mutoto wa mujini! Karatasi nimepata. Utaweza kweli, ao utaniletea uzi na vifungo?"

"Nitakuletea vitu ambavyo hata baba yako hakuona."

"Aka! Tutaona."

Alicheka hadi akakohoa. Yeye alitania tu, alivyonitania tangu nikiwa na makamasi, lakini mimi nilikata simu huku mashavu yanawaka moto. Nikaapa kwamba siku hiyo nitakuja na vitu ambavyo kilima kizima kitavisimulia.

Bunduki tuliiagiza kwa fundi wa vyuma wa pale Kiwanja. Nilipokwenda kuiona, mtutu ulikuwa tayari, bomba la usukani wa lori bovu, amelisugua hadi linateleza. Nilitoa utepe wangu wa kupimia nguo ili nipime tundu. Fundi alinitazama, akamwita mke wake aje aone.

"Mama, kuja uone! Huyu anataka kuishonea bunduki suruali."

Walicheka wote wawili. Kisha akachonga kijiti chenye unene sawa na tundu, akanipa pamoja na kalibu ya jiwe ya kumimina risasi. "Risasi iingie na kitambaa chake," akasema. "Isikwame, isicheze." Hayo niliyasikia. Halafu akasema: "Na baruti ni ile nyeusi tu. Ile ya kartushi za waaskari usiiguse, hili bomba litapasuka. Iko rafiki yangu kule Goma, anauzaka ile nzuri, nikupe namba yake..."

Basi, hapo masikio yakafunga. Mafundi wote wanataka ununue kwa rafiki zao; hata mimi kwenye uzi na zipu nafanya vivyo hivyo. Nilimwambia aksanti, namba ya nini, Goma ni kwetu.

Kuuliza si ujinga, wanasema. Mimi niliona kuuliza ni kuvuliwa nguo sokoni.

Nilianza na risasi, na kazi ile niliifanya vizuri, siwezi kujinyima hilo. Mjomba hakutaka marisaa, zile chembe nyingi ndogo. Alisema zinamjeruhi mnyama tu, akaenda kufia kwa jirani, na jirani anakula akikushukuru. Alitaka risasi moja nene inayolala palepale. Nilishuka ziwani nikanunua kwa wavuvi vipande vya risasi vya kuzamishia nyavu, vikuukuu, vyenye harufu ya sambaza, wale dagaa wetu. Nilijenga jiko la makaa nyuma ya nyumba, nikayeyusha, nikamimina kwenye kalibu moja baada ya nyingine. Iliyotoka na tundu niliirudisha motoni. Iliyotoka na mkunjo, motoni. Nilibaki na ishirini na kitu zilizo mviringo safi, nikazisugua kwa kitambaa hadi zikang'aa kidogo, nikazigeuza kiganjani nikiwa na furaha ya mtoto mwenye gololi.

Kwenye matambara ndiko nilikopoteza siku mbili, na nilizipoteza kwa raha zangu. Kitambaa kinachofungia risasi ndicho kinachoishika isicheze mtutuni, na kitambaa ni kazi yangu. Nailoni nikaikataa, inayeyuka. Kitenge kipya kina wanga, kinakuwa kigumu kama karatasi. Jinzi ni nene, risasi haipiti. Nilijaribu kila kipande kwenye tundu nililochonga kwa kufuata kijiti cha fundi, na mwisho nikachukua shuka letu la zamani la pamba, lililofuliwa hadi limekuwa laini kama sikio la mbuzi. Nilikata miduara, nikaipaka mafuta ya ng'ombe, nikaipanga kwenye kopo. Mke wangu alipotafuta shuka lake, tulikosana hadi jioni.

Fataki, vile vikofia vidogo vya shaba vinavyopigwa na nyundo ya bunduki ili moto uingie ndani, nilizipata kwa mfanyabiashara mmoja Munande wa Butembo. Huyo pia ndiye aliyekuwa akileta baruti nyeusi. Nikamwomba baruti.

"Hakuna," akasema. "Barabara iko mubaya. Labda mwezi ujao."

"Mwezi ujao? Mimi nataka wiki hii."

"Papa, unataka niizae?"

Nilizunguka siku sita. Kila duka hapana. Na kule kilimani mjomba alikuwa amekwisha kutangaza siku. Ndizi zilikuwa zimekamuliwa, kasiksi, pombe yake, inachachuka kwenye mitungi, watu wa ukoo wamealikwa. Kila nikipigiwa simu nilisema kila kitu kiko tayari. Ningeweza kusema, "Mujomba, baruti imekosekana, tusogeze siku." Maneno machache tu. Lakini nilikuwa ninamsikia atakavyojibu kabla hajajibu: mutoto wa mujini, nilijua!

Siku ya saba nikaenda mtaa wa Mabanga kwa mtu anayeuza misumari na kufuli za mitumba. Nilieleza shida yangu kwa sauti ya chini. Akainama chini ya meza, akatoa kopo la maziwa ya unga.

Kila mtu wa Goma anajua kitu hicho kinatoka wapi. Vita vikipita, kartushi, zile risasi za kivita ambazo hazijapigwa, zinabaki kwenye mitaro, kwenye bustani za maharagwe, katikati ya mawe ya volkeno. Wengine wanaziogopa, wengine wanaziokota. Yule alikuwa akizifungua na kumwaga kilichomo. Ndani ya kopo kulikuwa na chembechembe za kijivu zinazometa, zote za ukubwa mmoja.

"Hii ni ya kisasa," akasema. "Haina moshi, haichafui bunduki. Nguvu mara tatu."

"Ya gobori inafaa?"

"Baruti ni baruti, kaka."

Nilijua fundi amesema nini. Siwezi kusema nilisahau. Lakini nililitaka sana jibu lile, na nilipopewa nililipokea kwa mikono miwili. Nilinunua.

Jumapili, baada ya misa, niliweka chembe chache kwenye kifuniko cha chupa nikaziwasha. Ziliwaka polepole kwa moto wa njano, kivivu, bila kishindo. Lo, nikajiambia, kumbe ni dhaifu! Itampasua nani hii? Moyo ukatulia. Sikujua kwamba baruti ya aina ile inayowaka kivivu hadharani, ukiifungia ndani ya bomba inakuwa kitu kingine kabisa. Sikujua, na mtu wa kunieleza nilikuwa nimemkatisha kwa aksanti.

Ilibaki rangi. Mjomba alikuwa amenisimulia mara mia kwamba baruti ya kweli ni nyeusi kama masizi na haimeti. Basi nikachukua sufuria ya maharagwe, nikaikwangua masizi yote ya chini, nikayaviringisha pamoja na zile chembe ndani ya sashe, mfuko wa plastiki, hadi zikafa mng'ao. Zikawa nyeusi tii. Mke wangu alisimama mlangoni akanitazama.

"Unafanya nini?"

"Ninaitengeneza ikae vizuri."

"Kama ni nzuri, ya kuipaka podari ni ya nini?"

Nikamwambia aende zake, mambo ya bunduki hayajui. Nilimfokea, nami sina kawaida ya kumfokea siku ya Mungu. Alikwenda, lakini kabla hajaondoka alinitazama tena, na mimi nikainamisha macho kwenye sashe.

Jumatatu nilipanda gari kwenda Kiwanja. Kwenye bariere moja, kizuizi cha barabarani, askari alifungua mfuko wangu. Nilimwonyesha karatasi ya mjomba yenye mihuri, akaisoma hadi mwisho, akairudisha. Kisha akafungua kopo. Alichukua chembe chache, akazisugua kati ya vidole. Masizi yakabaki kwenye ngozi yake, na chini yake ile rangi ya kijivu ikameta.

Alinitazama.

"Muzee, hii ni ya kwetu, waaskari."

"Ni ya gobori, shefu. Permi umeona."

"Ya gobori?" Akacheka kidogo. "Na ni weye utapiga?"

"Hapana. Ni mujomba wangu."

Akaacha kucheka. Alifunika kopo taratibu, akalirudisha mfukoni, akanikabidhi mfuko.

"Basi umusalimie sana mujomba wako."

Gari likaondoka. Nilikaa na mfuko juu ya magoti. Sasa nilijua. Sitasema hapa kwamba nilishuku, au nilikuwa na wasiwasi. Nilijua. Niliamua kwamba nikifika tu nitamwita mjomba pembeni nimwambie. Nilipanga hata sentensi ya kuanzia.

Nilifika alasiri. Mjomba alinipokea barabarani, akaninyang'anya mfuko, akaufungua mbele ya watu waliokuja kusaidia kubeba maji. Alitoa risasi moja, akaigeuza kwenye mwanga, akaibusu. Ee, aliibusu! Akatoa matambara, akayanusa mafuta, akayasugua shavuni. "Angalieni," akasema, "huyu ameshona!" Halafu akafungua kopo la baruti. Macho yake hayakuwa tena mazuri. Aliona weusi tu.

"Masizi kabisa," akasema. "Masizi kabisa! Munaona mutoto wa dada yangu? Kila mutu Goma anasema hakuna baruti, yeye ameipata. Dada yangu angekuwa hapa..." Akanishika bega.

Katika maisha yangu yote mjomba alikuwa hajanisifu mbele za watu. Alinilisha, alinilipia shule kwa magunia ya maharagwe, alinichapa, alinitania. Kunisifu, hapana. Nilikuwa mtu mzima mwenye mvi za kwanza kidevuni, na maneno yale niliyapokea kama mtoto. Ile sentensi yangu ikayeyuka. Nikasema nitamwambia baada ya chakula. Baada ya chakula nikasema nitamwambia asubuhi. Kisha nikapata njia ya waoga: asubuhi mimi ndiye nitakayeshindilia, basi nitatia kidogo sana, nusu ya nusu, na hakuna atakayejua.

Asubuhi watu walijipanga uani, kama ishirini. Mke wa mjomba alisali. Muzee mmoja, mkubwa wa ukoo kwa wakati huo, akamwaga kasiksi kidogo chini, akainua mkono. Kimya kikaanza. Hata mbwa walifungiwa ndani.

Nilichukua kopo ili nimimine kidogo nilivyokusudia. Mjomba akanigusa mkono, akatikisa kichwa, akatoa mfukoni kifuniko cha pembe. Kilikuwa kipimo cha baba yake, alichokitumia ujana wote kwa baruti nyeusi. Akakichota mwenyewe kwenye kopo, kikajaa hadi ukingoni, akakimimina kwenye kiganja changu. Akanionyesha mtutu kwa kidevu.

Nilisimama na mauti kiganjani na sikuwa na ruhusa ya kusema. Nilimtazama usoni, nikamkazia macho, nikatikisa kichwa. Alidhani ninaogopa mlio. Akanikonyeza.

Nikaimimina. Jamani, niliimimina. Nikatandaza kitambaa kwenye mdomo wa mtutu, nikaweka risasi, nikashindilia kwa mdeki, na risasi ikashuka vizuri ajabu, haikukwama, haikucheza. Nikaweka fataki. Nikampa bunduki. Vidole vyangu vilikataa kuiachia, ikabidi aivute.

Alilenga mgomba ulioachwa kwa kazi hiyo. Aliinamisha kichwa, akalaza shavu kwenye kitako, lile shavu lenye ndevu chache nyeupe ambazo huwa ananyoa Jumapili tu, na jicho lake likawa karibu kabisa na pale moto unapoingilia. Nikaona watu wote wamekaza midomo. Nikawaza: nikisema, bunduki imekufa, sherehe imekufa, na mimi nimekufa kwa aibu. Nilihesabu aibu yangu wakati kidole chake kinajikunja. Ndivyo nilivyo.

"Mujomba, acha!"

Aliinua kichwa kunigeukia. Kidole kilikuwa kimekwisha kuvuta.

Sikusikia mlio, nilisikia kifua changu kikisukumwa. Bomba lilifunguka pale kwenye fataki. Mjomba alikuwa amekaa chini, ameushika mkono wa kulia kwa mkono wa kushoto, anautazama bila kusema, na kidole gumba hakikuwepo, na viwili vilivyofuata vilikuwa vinaning'inia kwa ngozi. Sikio na shingo vimeungua. Macho mazima. Mke wake alipiga kelele ambayo hadi leo nikiisikia mahali, hata ya mama anayeita mtoto, ninasimamisha mashini.

Tulimfunga mkono kwa nilichokuwa nacho, tukamteremsha Kiwanja kwa pikipiki, mimi nimemkumbatia kwa nyuma. Opitali walikata vidole vile viwili. Dokta alisema kama shavu lingebaki kwenye kitako, tungekuwa tunazungumza mengine. "Alikuwa na bahati ya kugeuka," akasema.

Na hapa ndipo mambo yalipopinda. Siku ya pili mkubwa wa ukoo akaja na wazee wawili, wakanitoa nje ya wadi. Uso wake ulikuwa na uchungu wa kweli.

"Mutoto, tulikufundisha. Bunduki haisemeshwi. Umeisemesha, imekasirika, imepasuka."

Nikainamisha kichwa kama mwenye kosa hilo.

"Utaleta mbuzi moja ya kuomba musamaha," akasema.

Nikaleta mbuzi. Watu ishirini walikuwa wamesikia sauti yangu kwanza na mlio baadaye, ushahidi gani mwingine wanautaka? Wengine, wachache, walisema ni bomba baya. Yule fundi aliposikia hivyo alifunga karakana yake, akapotea na mke wake, na watu wakasema anakimbia aibu. Mtu wa kwanza kunionya. Nilipewa adhabu kwa neno moja jema nililolisema, na lile baya hakuna aliyelijua isipokuwa mimi, na askari mmoja bariereni, na labda mke wangu.

Mjomba alinisamehe haraka. Hilo ndilo lililonimaliza. "Uliogopa," aliniambia. "Hata mimi, ya kwanza, niliogopa. Usilie." Mkono wa kulia ulikuwa umefungwa hadi kwenye kiwiko, basi mimi ndiye niliyemlisha. Nilimega tonge la bugali, nikalikanda, nikalichovya kwenye maharagwe, nikampelekea mdomoni, asubuhi na jioni. Alifungua mdomo kama ndege, akijicheka mwenyewe. Aliwaambia wagonjwa wenzake: "Huyu ni mutoto wa dada yangu. Nilimulisha utotoni, ananilisha uzeeni." Siku tano.

Siku ya tano, nikiwa na tonge mkononi, alisema: "Nikipona nitamutafuta yule fundi. Nitamuambia anilipe vidole vyangu, muongo yule. Bomba alikata wapi?"

Tonge likabaki hewani.

"Fundi hana kosa," nikasema. "Mujomba, baruti ile haikuwa ya gobori. Ilikuwa ya kartushi za waaskari. Niliipaka masizi."

Alitafuna kilichokuwa mdomoni. Alikimeza.

"Uliipaka masizi."

"Ndiyo."

"Ulijua itapasuka?"

Ningeweza kusema sikujua. Mlango ulikuwa wazi kabisa, mwenyewe alinifungulia. Alikuwa ananitazama kama anayeniomba nipite pale.

"Fundi alinionya," nikasema. "Askari wa bariere pia. Nilifika kwako nikijua."

"Na uliponipa mkononi."

"Nilijua."

Hakunifokea. Nilitamani anifokee, anitukane mama ambaye ni dada yake, anirushie bakuli. Aligeuza uso ukutani, akakaa hivyo, na shingo yake iliyoungua ikawa upande wangu. Tonge lilianza kukauka kwenye vidole vyangu, nami kwa ujinga, au kwa kukosa la kufanya, nikalisogeza tena kwenye mdomo wake.

Akausukuma mkono wangu kwa kiwiko. Akajivuta, akakaa, akajivutia sahani mapajani. Halafu mjomba wangu, ambaye alinichapa nikiwa na miaka minne kwa kupeleka mkono wa kushoto kwenye chakula cha watu, akautia mkono wake wa kushoto kwenye bugali. Hakujua kumega nao. Tonge lilivunjika, maharagwe yakamwagikia shukani, akayaokota moja moja akayatia mdomoni huku machozi yanamshuka. Nilisimama pale hadi akamaliza sahani yote, na hakuinua macho.